Mtoto wa Pili ni wa Baba Yangu

Mwanangu wa pili alikaa msimu mzima wa mvua bila jina. Alinyonya, akanenepa mashavu, akajifunza kucheka, na bado kwenye kijitabu chake cha kliniki palikuwa na neno "Mtoto" likifuatwa na jina la baba yake. Majirani zetu hapa Ruiru wakiuliza anaitwaje, mume wangu alijibu, "Tunangoja network," watu wakacheka, yakaisha. Mimi sikucheka. Mtoto asiye na jina anachosha kwa namna yake. Unamwimbia wimbo wa kumlaza, ukifika mahali pa kumtaja unameza mate.

Niseme mapema kwamba sitaandika jina la mtu yeyote hapa. Si woga. Ninatujua tu sisi Wakenya. Tukishasoma jina la mtu tunaacha kumsikiliza, tunaanza kumpigia hesabu: huyu ni wa wapi, alimpigia nani kura, kwao wanakula nini. Ninafundisha Kiswahili katika shule ya upili, na kila mwaka, siku wanafunzi wapya wanapoitwa majina darasani, ninaona vichwa vikigeuka. Watoto wadogo vile! Nani aliwafundisha? Sisi. Kwa hiyo watu wangu utawajua kwa kazi zao na kwa vinywa vyao, na nadhani utawajua vizuri zaidi.

Mambo yote yalianza na desturi ya kina mume wangu. Wao ni Wakikuyu wa Gatuanyaga, kule mji wa Thika unakoishia na vumbi kuanza, na kwao hakuna mzazi anayekaa na simu kutafutia mtoto jina tamu. Majina yana zamu. Mvulana wa kwanza ni wa baba ya mume, wa pili ni wa baba ya mke, na wasichana huwafuata nyanya zao vivyo hivyo. Wala hawasemi mtoto "amepewa jina la" babu. Wanasema "ni wa" babu. Mwanangu wa kwanza ni wa baba mkwe wangu aliyefariki kabla sijaolewa, na mama mkwe akimbeba humwita mzee wake, humlalamikia kwamba hajaleta sukari nyumbani, humuuliza amelala wapi jana. Nimewasikia wakigombana, bibi huyo na mtoto wa shule ya chekechea, na sijaona ndoa nyingine yenye raha kama hiyo.

Basi wa pili alipozaliwa mvulana, hakukuwa na la kujadili. Zamu ilikuwa ya baba yangu. Nilifurahi sana, sitaficha. Baba yangu ni Mluhya aliyekuja Thika akiwa kijana, akafanya kazi ya mashine katika kiwanda cha nguo hadi alipostaafu, na akakataa kurudi magharibi kwa sababu, alisema, huko hakuna mtu wa kubishana naye juu ya mpira. Mama yangu alikwisha kutangulia. Nilimpigia baba simu nikiwa bado kitandani hospitalini, mtoto amelala kifuani, nikamwambia, "Baba, umezaliwa."

Nilidhani laini imekatika.

"Hapana, mama," akasema. Baba zetu huwaita binti zao mama. "Hiyo hapana."

"Hapana nini, baba?"

"Kwetu mtoto anapewa jina ya mtu amelala. Mimi nimelala? Nyinyi mnanitafutia njia ya kaburi mapema, bana?"

Ilikuwa kweli. Kwetu majina ni ya waliokufa. Mtoto akilia bila kukoma, wazee hutaja wahenga mmoja mmoja hadi anyamaze, na yule ambaye mtoto amenyamaza kwa kutajwa kwake ndiye aliyerudi. Kumpa mtoto jina la mtu aliye hai ni kama kumwonyesha mlango. Nilikuwa nimeishi na Wakikuyu hadi nikasahau. Niliona aibu, nikamwomba msamaha, na nilipomweleza mume wangu alikuna kichwa na kusema tumwachie mama yake.

Mama mkwe wangu ana mbuzi, ana mihogo, ana sauti. Alipopata habari alinipigia simu, na sikuhitaji kuiweka sikioni.

"Haiya! Ati amekataa mtoto?"

"Hajakataa mtoto, Mami. Amekataa jina. Kwao ukimpa mtoto jina ya mtu mzima anaweza kufa."

"Kufa? Mimi niliitwa jina ya cucu yangu, nyanya yangu, akiwa hapo jikoni anapika! Akaishi mpaka akanibebea watoto. Mtu akizaliwa tena hafi, anaongezwa! Mwambie hiyo ni urongo ya shetani."

Sikumwambia baba hivyo. Lakini nilielewa kwamba nimekaa katikati ya watu wawili, kila mmoja ameshika desturi yake kwa mikono miwili, na mtoto yuko mapajani mwangu akipiga miayo.

Ndugu yangu mkubwa ndiye aliyekuja na dawa ya tatu, ile ya wasomi. Yeye anafundisha uchumi chuo kikuu, anaishi Kahawa Wendani akizungukwa na hosteli za wanafunzi, na alisomea Amerika kwa miaka kadhaa. Alikuja kuona mtoto, akatuchukua mimi na mume wangu hadi Kamakis kula nyama. Ndugu yangu hawezi kufikiri akiwa na njaa, na akishiba hawezi kunyamaza.

Nyama ilikatwakatwa kwenye ubao mbele yetu, ugali, viazi na kachumbari pembeni, moshi unatufuata kila tukihama kiti. Nikamsimulia yote. Nikamwambia pia kwamba sehemu yangu ndogo, ile mbaya, ilifarijika baba alipokataa, kwa sababu ninajua jina lake ni la aina gani huku. Ni jina ambalo mtu akilisikia tu anajua umetoka ng'ambo ya Ziwa Naivasha na mbele zaidi.

Ndugu yangu alishika mfupa. "Huyu ni mwajiri," akasema. Akaweka viazi viwili mbele ya mfupa. "Hawa wanatafuta kazi. Mwajiri hawajui. Muda hana. Anaona jina, anabahatisha. Watu wanasema ni chuki, but si lazima iwe chuki. Ni upungufu wa habari."

"Mtu akinikanyaga kwa sababu ana haraka," nikamwambia, "kidole changu kinauma vilevile."

Nilikuwa na sababu. Kabla sijaolewa nilitafuta nyumba ya kupanga hapo hapo Kamakis, nikampigia simu keyateka, yaani mwangalizi, wa ploti moja. Alikuwa mchangamfu hadi aliponiuliza majina. Nikataja yote matatu. "Aki madam, pole," akasema, "hiyo imechukuliwa asubuhi." Alasiri hiyo hiyo, mume wangu, wakati huo akiwa mchumba tu, alimpigia kwa jina lake la Gatuanyaga. Nyumba ilikuwa wazi, tena ingepakwa rangi mpya kama angependa. Tukaichukua. Na yule keyateka, nikwambie, ndiye aliyenibebea godoro ngazi zote siku ya kuhamia. Maji yakipotea, ndoo ya kwanza ilikuja kwangu. Alipokuja kulijua jina langu, miezi imepita, alicheka akasema, "Lakini wewe si kama wale." Nilimpenda yule mzee, na hadi leo nikipita huko ninamnunulia maandazi. Hilo ndilo linaloniudhi. Ubaguzi wa huku una adabu nyingi, unakukosesha nyumba kisha unakubebea godoro.

"Sawa," akasema ndugu yangu, maana hashindwi. "Sikiliza ya Amerika. Kule kuna majina ambayo Wamarekani weusi peke yao ndio wanapea watoto. Majina marefu, mazuri, ya kutungwa. Mtu akituma maombi ya kazi na jina kama hilo, simu inakawia kulia. Hakuna mtu mweusi kule hajui hiyo. Sasa wanakuja wachumi wangu, wale wanaandika vitabu vya kusoma kwa ndege, wanasema: tulieni, shida si jina. Jina ni dalili tu ya nyumba mtoto alikotoka. Mama hakusoma, mtaa ni maskini. Hata ukimbadilishia jina, maisha ni yale yale."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mpe mtoto jina la mzee! Nyumba yako iko na vitabu. Wewe ni mwalimu, huyu bwana ana hardware. Huyo mtoto atakuwa sawa. Jina halina uzito."

Mume wangu alimtazama kwa matumaini makubwa. Mimi nilifuta mikono yangu polepole.

"Na mabinti zako?" nikauliza.

Ndugu yangu ana mabinti wawili. Wana majina ya Kiingereza mbele na majina ya Kiingereza nyuma. Hakuna la mama yetu, hakuna la bibi yetu, hakuna la mto wala la msimu wa mavuno. Ukiwasikia kwenye simu huwezi kujua kama wako Wendani au Toronto.

"Kama jina halina uzito," nikamwambia, "mbona wako umewapa mepesi hivyo?"

Mume wangu alipaliwa na soda. Ndugu yangu alicheka hadi akashika meza, akanipiga bega, akasema, "Huyu mwalimu ni mbaya, wallahi," na sote tukacheka, hata mchoma nyama aliyekuwa hajui tunacheka nini. Kisha kicheko kikamwisha usoni, akabaki anasogeza viazi vyake.

"Kule nilikuwa na jirani," akasema. "Mama mweusi, dereva wa basi. Yeye ndiye alinifundisha kuendesha gari juu ya barafu. Jina lake lilikuwa refu, nikaliandika vibaya mara nyingi mpaka siku moja nikamwambia kwa utani, mamako alikuwa anafikiria nini? Akaniambia: alikuwa anafikiria mama zake wawili. Nusu ya jina ni ya nyanya mmoja, nusu ni ya mwingine. Mama yake aliwashona pamoja, ndiyo wasikosane. Na alipokuwa akitafuta kazi ya ofisi, aliandika herufi ya kwanza tu, akaweka nukta. Hivyo ndivyo alivyowakunja nyanya zake wawili wakaingia kwa nukta."



"Vitabu vyangu vinasema jina lile ni dalili ya umaskini," akaendelea. "Lakini mimi nilijua lilikotoka. Hiyo si umaskini. Hiyo ni Gatuanyaga! Huyo mama angekaa na mama mkwe wako wangeelewana siku nzima. Nikarudi nyumbani, nikapata watoto, nikakumbuka ile nukta. Nikaogopa. Nikawapea majina ambayo hayana mtu ndani."

Nimempenda ndugu yangu maisha yangu yote, lakini jioni ile nilimpenda zaidi. Nilimwekea kipande cha mwisho cha mbavu, naye akakila bila kunipinga.

Wiki iliyofuata nilimbeba mtoto nikaenda Thika. Baba anaishi katika nyumba ya kupanga nyuma ya mtaa wa viwanda, na mbele ya mlango ana kijishamba cha ukubwa wa mkeka ambamo amepanda mboga za kwetu, mrenda, kunde na sagaa. Nilimkuta amechutama anang'oa magugu. Alinawa mikono, akamchukua mtoto, akamnusa shingoni, akaanza kumwimbia wimbo wa kwetu wa kuchezesha watoto. Mtoto alimshika pua. Mtu hamkatai mtoto kwa namna hiyo, niliwaza. Kuna kitu.

"Baba," nikasema, "nimezungumza na wazee wa kwetu." Nilikuwa nimezungumza na shangazi mmoja tu, lakini shangazi huyo ana umri wa wazee watatu. "Wamesema siku hizi watu wanawapa watoto majina ya walio hai. Hata nyumbani. Wanachinja kuku, basi."

"Eeh," akasema.

"Kwa hiyo si kaburi unaloogopa."

Hakunitazama. Alimtazama mtoto.

"Kule kiwandani," akasema, "unajua waliniita nini? Waliniita kwa salamu. Ile salamu ya kwetu, ndiyo ikawa jina. Miaka yote. Hata meneja. Nilifundisha vijana mashine, wakawa masupavaiza wangu, wakaniita kwa salamu. Ilikuwa utani, na mimi nilicheka, kwa sababu walikuwa marafiki. Walichanga mama yako alipougua. Lakini kila ikifika kuchagua supavaiza, mtu anasema, huyu hata jina yake inaumiza ulimi."

Hilo nililijua nusu. Lililofuata sikulijua. Mwaka ule mbaya wa uchaguzi, mimi nilikuwa chuo cha ualimu mbali na Thika, na mama na ndugu yangu walikuwa magharibi. Baba alikuwa peke yake. Vijana walikuja mtaani mchana kweupe, nyumba kwa nyumba, wakiwauliza watu majina wajue nani si wa kabila lao. Jirani yake, mama Mkikuyu mjane aliyeuza githeri ya mahindi na maharagwe getini, alimvuta akamkalisha kwenye kiti mbele ya mlango wake, akampa bakuli. Vijana walipofika akawaambia huyu ni mzee wangu, na akataja jina la mumewe aliyekufa.

"Wakaniita na hiyo jina," baba akasema. "Nikaitika. Nikakula githeri. Wakaenda. Wiki nzima mama huyo aliniita jina ya bwana yake kwa sauti, ndiyo watu wasikie, na mimi niliitika jina ya marehemu. Mama, mimi sikuwa na aibu. Nilishukuru Mungu. Lakini nilijua sasa yangu inaweza kufanya nini." Akamrudisha mtoto mapajani mwangu, taratibu, kama bakuli lililojaa. "Huyu ako na bahati. Baba yake ni wa hapa. Akiitwa jina ya hapa hakuna mtu atamuuliza kitu maisha yake yote. Mnataka nimwekee mimi hiyo mzigo? Babu gani anafanya hivyo?"

Nililia. Nilirudi Ruiru nikiwa nimekubali moyoni kwamba mtoto aitwe jina la mjomba fulani wa mume wangu, na nikamweleza mama mkwe kila kitu kwenye simu, ili tumalize. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe, alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Kesho nakuja. Tutaenda kuona muthoni."

Muthoni ni mkwe, na kwa Wakikuyu mkwe haendewi mikono mitupu. Alishuka na bodaboda akiwa na kuku, ndizi mbichi na chupa ya uji wa wimbi. Baba alipomwona mlangoni alikimbia kuvaa koti. Wakaketi. Mama mkwe alikataa chai, na anayemjua anajua hilo ni jambo zito.

"Muthoni," akasema, "msichana yetu ameniambia."

Baba akaitikia kwa kichwa.

"Mimi sikuja kukuambia ati hiyo mambo haikuwa. Ilikuwa. Hata vijana wa kwetu walienda, na mama zao tunawajua. Na siwezi kukuapia haitarudi. Mimi si Mungu."

"Asante kwa kusema," baba akajibu.

"Rakini sikiliza na yangu. Kwetu bibi ya mtu akizaa, tunauliza mtoto wa pili ni wa nani. Akiwa hana mtu, tunasema huyu bibi aliokotwa barabarani. Hana kwao. Mimi sitasema. Rakini watu watasema, na watoto wake watasikia. Wewe unaficha mtoto, ndio, naona. Ni mapenzi. Rakini unaficha mtoto nyuma ya msichana yako." Alininyooshea kidole bila kunitazama. "Unamtoa yeye kwa hesabu. Sasa huyu atakuwa binti wa nani?"

Nilitaka kusema kitu, akaninyamazisha kwa mkono. Baba alikuwa ameinamisha kichwa. Alitazama kuku aliyefungwa miguu mlangoni.

"Mama," akaniambia hatimaye, "wewe kwa hii maneno unasikia aje?"

Ni swali ambalo hakuna mtu alikuwa ameniuliza. Nikasema ukweli. Nikasema naogopa anachoogopa yeye, na kwamba kwenye simu ile ya nyumba nilisimama na simu mkononi hata baada ya keyateka kukata. Nikasema pia kwamba nimemwonea wivu mwanangu wa kwanza kila anapoitwa mzee na bibi yake. Nilitaka na mimi niwe na wangu. Nilitaka kuita "baba" ndani ya nyumba yangu na mtu mdogo aje akikimbia.

"Nipeeni siku kidogo," baba akasema. Kisha akamwomba mama mkwe anywe chai, na safari hii akanywa.

Siku zilipita. Hakupiga simu. Ikafika zamu ya mtoto kwenda chanjo, na mume wangu alikuwa amekwama dukani, kwa hiyo nilimwomba baba anisindikize. Kliniki ilikuwa Thika, karibu naye, na nilitaka tu mtu wa kunishikia mfuko. Alikuja na koti lile lile. Tuliketi kwenye benchi refu, tumebanana na akina mama na leso zao, na kila nesi alipoita mtoto, jina liliruka juu ya vichwa vyetu: majina ya manabii, majina ya wachezaji mpira, majina ya Kikuyu ya babu wa watu. Baba alimshika mtoto na kusikiliza. Alikuwa mwanamume pekee kwenye benchi.

Zamu yetu ilipofika, nesi alifungua kijitabu akaguna. Alikuwa msichana mdogo, mchangamfu, mwenye kalamu nyuma ya sikio.

"Mama, bado ni 'Mtoto'? Mtoto mpaka aende secondary?" Watu kwenye benchi wakacheka. "Leo tunaandika. Anaitwa nani?"

Nilifungua mdomo. Jina la yule mjomba wa mume wangu lilikuwa tayari ulimini, nilikuwa nimelifanyia mazoezi njiani. Kabla halijatoka, baba alisimama na mtoto mikononi.

Akataja jina lake. Si lile la ubatizo. Lile lingine. Alilitaja lote, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, na alipomaliza akalirudia silabi kwa silabi ili nesi asikosee. Benchi zima liligeuka, vichwa vyote, namna vinavyogeuka darasani kwangu. Nilimwona akiviona. Hakuketi.

Nesi aliandika, akasimamisha kalamu, akasoma tena. Hakuwa mbaya. Alitaka kujua tu, namna sote tunavyotaka kujua.

"Hii ni jina ya wapi, guka?" akauliza, akimwita babu kwa Kikuyu.

"Ya hapa Thika," baba akasema.

Mtoto alidungwa paja, akapiga kelele hadi nje. Baba alimbeba, akamtembeza kwenye korido akimwita kwa jina lile, akilisema polepole na kulirudia, na mimi nikamfuata na mfuko nikilia mbele za watu, nikimwambia mtoto, "Nyamaza baba, nyamaza," na wote wawili wakageuka kunitazama.